Adhabu Inayonunulika si Adhabu

Ndugu mwanafunzi,

Leo nakuletea maneno matatu ambayo wanafunzi wangu huyachanganya kila muhula: adhabu, fidia na bei. Katika kamusi yamekaa mbali mbali. Katika maisha ya raia yanapaswa kukaa mbali zaidi, maana nchi inayoyachanganya huishia kuuza makosa kama inavyouza sukari. Adhabu ni machungu anayopewa mkosaji ili ajute, na wengine wakitazama waonyeke. Fidia ni kile anachorudishiwa aliyekosewa. Bei ni kile unachokitoa ili ukipate kitu ukitakacho, kisha ukaondoka nacho huku muuzaji akikuaga kwa tabasamu. Mwizi wa mbuzi akiamriwa kulipa thamani ya kuku, halafu akaachiwa mbuzi, hakuadhibiwa. Amenunua mbuzi kwa bei nafuu.

Nataka tuyapime maneno hayo mahali ambapo pengine hukutarajia: katika mbio za magari ya langalanga, zile ambazo dunia huziita Formula 1. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mbio hizi si jambo la watu wa mbali tena. Mwezi Desemba 2024 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Magari, FIA, lilifanya mkutano wake mkuu mjini Kigali, na Rais Paul Kagame akatangaza hapo hapo kwamba Rwanda inaomba kuwa mwenyeji wa mbio hizo. Anayeomba kualika wageni nyumbani kwake hana budi kuzijua desturi zao. Sababu ya pili ni ya kielimu. Mahakamani kesi huweza kudumu miaka, na raia wa kawaida hauoni mwanzo wala mwisho wake. Katika mbio za magari unaliona kosa, unaisikia hukumu, na unayaona matokeo, yote ndani ya saa mbili. Ni darasa la uraia lililo wazi, lenye magurudumu.

Dai langu ni hili: adhabu ya sekunde wanayotozwa madereva wanaowapita wenzao kinyume cha sheria haina haki ndani yake. Wapo wanaolalamika kwamba ni kali mno, na wapo wanaolalamika kwamba ni nyepesi mno. Mimi nasema pande zote mbili zinabishana kuhusu uzito wa jiwe, ilhali mizani yenyewe ni mbovu.

Sheria inasemaje?

Tuanze na sheria, kwa sababu mtu asiyeijua sheria hana haki ya kuitukana. Njia ya mashindano imewekewa mipaka kwa mistari myeupe. Gari huhesabiwa kuwa limetoka njiani pale ambapo hakuna sehemu yake yoyote inayoigusa njia. Dereva akitoka, anaruhusiwa kurudi, mradi arudi kwa usalama na asibaki na faida ya kudumu aliyoipata huko nje. Hivyo, dereva anayekata kona kwa nje ya mstari na kuibuka mbele ya mwenzake amechukua kitu ambacho si chake. Kanuni zinampa mkurugenzi wa mbio hiari ya kumruhusu mkosaji huyo airudishe faida yote aliyoichukua. Nakuomba uliangalie neno hilo, hiari, kwa jicho kali. Tutarudi kwake.

Wasimamizi wa mashindano, ambao kwa kawaida huwa watatu au wanne na mmoja wao huwa dereva wa zamani, wana zana kadhaa mikononi. Wanaweza kutoa adhabu ya sekunde 5 au ya sekunde 10. Wanaweza kumwamuru dereva apite polepole kwenye njia ya vituo bila kusimama, au asimame kituoni sekunde 10 kisha aondoke bila kuhudumiwa. Sekunde 5 au 10 hutumikiwa wakati gari limekwenda kubadilishwa matairi: gari husimama, mafundi huinua mikono, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa mpaka muda utimie. Kama dereva hataingia kituoni tena, sekunde hizo huongezwa kwenye muda wake baada ya kumaliza. Na jambo moja zaidi: adhabu hizi hazikatiwi rufaa.

Kwa mtazamo wa juu juu, mfumo huu unavutia. Una namba. Namba haina kabila, haina rafiki, haina timu inayoipenda. Sekunde 5 za bingwa ni sekunde 5 za mgeni. Lakini, ndugu mwanafunzi, jihadhari na mtu anayekuonyesha namba kabla hajakuambia namba hiyo inapima nini.

Dereva mmoja, malipo mawili

Tumchukue dereva mmoja, Max Verstappen wa Uholanzi, ili mtu asiseme tunalinganisha watu wasiofanana.

Tarehe 22 Oktoba 2017, mjini Austin, Marekani, alianza mbio katika nafasi ya 16. Alipanda gari baada ya gari hadi mzunguko wa mwisho, ambapo alimpita Kimi Räikkönen kwa ndani ya kona huku gari lake likiwa nje ya mstari. Alivuka mwisho akiwa wa tatu na alikuwa tayari amekwenda kusubiri kupandishwa jukwaa la washindi alipoambiwa kwamba ameongezewa sekunde 5. Akashuka hadi nafasi ya nne, na Räikkönen akapanda jukwaani.

Sasa twende Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 5 Desemba 2021. Dereva ni yule yule. Alitoka nje ya njia alipokuwa akishindana na Lewis Hamilton, akabaki mbele, na kwa hilo akapewa sekunde 5. Baadaye akapewa sekunde nyingine 10 kwa kufunga breki mbele ya Hamilton, tukio lililoyagonganisha magari yao. Jumla ni sekunde 15, mara tatu ya zile za Austin. Alimaliza wa pili, na baada ya hesabu zote kufanywa alibaki wa pili. Gari lililokuwa la tatu lilikuwa mbali sana nyuma yake, hata sekunde 15 hazikutosha kulifikisha.

Tafakari. Sekunde 5 zilimnyang'anya mtu jukwaa, na sekunde 15 hazikumnyang'anya mtu yule yule hata nafasi moja. Ni nini kilichotofautisha adhabu hizo mbili? Ubaya wa kosa? La, maana kosa zito zaidi ndilo lililokosa makali. Kilichotofautisha ni umbali wa gari lililokuwa nyuma, yaani jambo ambalo mkosaji hakulitenda, aliyekosewa hakulitenda, na msimamizi hakulipima. Hukumu ilitolewa na pengo. Kama jaji angewaambia washtakiwa kwamba kifungo chao kitategemea idadi ya watu waliosimama kwenye foleni ya basi nje ya mahakama, tungemwita mwendawazimu.

Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Maana yake ni kwamba sheria haimchagui mtu. Lakini msumeno wa sekunde una upande mmoja wenye meno na mwingine butu, na upande utakaokugusa unategemea bahati. Aliyezungukwa na magari mengi hukatwa mpaka mfupani. Aliye peke yake hupapaswa tu.

Hapa ndipo tunapojifunza tofauti ya usawa na haki. Usawa wa namba ni kuwapa watu wote kiasi kile kile. Haki ni kuwafanya wote waubebe mzigo unaolingana na kosa lao. Nchi ya Ufini imelielewa jambo hili barabarani: faini ya mwendo kasi uliokithiri huhesabiwa kwa kuangalia kipato cha dereva, ili tajiri aumie kama anavyoumia maskini. Wafini hawakuiacha namba. Waliiuliza kwanza inamuuma nani.

Kosa linapopangiwa bajeti

Ubaya huo wa kwanza ni wa bahati. Ubaya wa pili ni wa makusudi, na ndio unaonisumbua zaidi.

Tarehe 9 Machi 2024, Jeddah tena. Kevin Magnussen wa timu ya Haas alikuwa amekwisha kupewa sekunde 10 kwa kugongana na Alexander Albon. Kisha akampita Yuki Tsunoda kwa nje ya njia, akapewa sekunde 10 nyingine. Kwa mtu mwenye mzigo wa sekunde 20 mbio zake binafsi zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo, hakuirudisha nafasi aliyoichukua. Alibaki pale mbele na kupunguza mwendo, akalizuia kundi zima la magari nyuma yake, huku mwenzake wa timu, Nico Hülkenberg, akijitenga mbele kiasi cha kuweza kubadilisha matairi na kurudi njiani bila kupitwa. Hülkenberg alimaliza wa kumi na kuipatia Haas pointi moja, ya kwanza kwao msimu ule.

Sitamlaumu sana Magnussen. Alikuwa mwajiriwa mwaminifu aliyefanya hesabu sahihi. Miezi miwili baadaye, mjini Miami, alirudia mbinu inayofanana na hiyo katika mbio fupi za Jumamosi, akamzuia Hamilton kwa kukata kona, akapewa adhabu juu ya adhabu, na baada ya mbio akakiri kwa kinywa chake kwamba alizistahili. Swali langu ni kwa mfumo. Mkosaji anapoweza kukaa chini na kuuliza, "Kosa hili litanigharimu kiasi gani, na litaniingizia kiasi gani?", kisha akaona linalipa, basi mfumo huo umeacha kuadhibu. Umefungua duka.

Utasema, "Lakini alifungiwa baadaye!" Ni kweli. Kanuni zinasema dereva anayefikisha alama 12 za makosa katika leseni yake ndani ya miezi 12 hukosa mbio moja, na Magnussen alizifikisha kule Monza mwezi Septemba 2024, akazikosa mbio za Baku. Basi nikuulize: kufungiwa kule kulimrudishia Tsunoda nini? Kulimrudishia nini yeyote aliyezuiwa nyuma yake usiku ule wa Machi? Pointi ilibaki kwa waliochuma. Mwizi alifungwa jela baada ya nusu mwaka, na mbuzi akaendelea kukamuliwa na ndugu zake.

Waafrika tunaujua uchungu huu. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Ghana ilikuwa imebakiza hatua moja iwe nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia golini. Sheria ilitekelezwa neno kwa neno: kadi nyekundu kwake, penalti kwa Ghana. Asamoah Gyan akagonga mwamba, na Uruguay ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Hakuna mwamuzi aliyekosea. Lakini Ghana ilinyang'anywa goli la hakika ikapewa nafasi ya kubahatisha, na Suárez akashangilia pembeni ya uwanja. Mchezo wa raga una busara zaidi katika hili: mwamuzi akiona kwamba timu ingepata alama za kugusisha mpira kama si faulo ya mpinzani, huwapa alama hizo zenyewe. Raga hurudisha kitu kile kile kilichochukuliwa. Soka hutoa tikiti ya bahati nasibu. Langalanga hutoa risiti.

Punguzo la bei

Kama bado unadhani natia chumvi ninapotumia lugha ya dukani, tazama lililotokea Jeddah tarehe 20 Aprili 2025. Katika kona ya kwanza kabisa, Oscar Piastri wa Australia alikuwa ubavuni mwa Verstappen. Verstappen akakata kona kwa nje na kuibuka bado anaongoza. Wasimamizi walieleza kwamba kiwango cha kawaida kwa kosa hilo ni sekunde 10, lakini kwa kuwa lilitendeka katika mzunguko wa kwanza, walitoa sekunde 5.

Yaani kulikuwa na punguzo. Nusu ya bei kwa wateja wa asubuhi.

Wakati huo Verstappen aliendelea kukimbia mbele, kwenye hewa safi isiyovurugwa na gari jingine, mpaka alipoingia kubadilisha matairi na kuzitumikia sekunde zake. Katika mbio za magari hewa safi ni mali. Gari linalofuata nyuma hupoteza mgandamizo wa hewa unaolishikilia chini, na matairi yake huchakaa upesi. Mizunguko yote ile Piastri alikuwa akilipa kodi kwa mtu aliyekaa katika nyumba yake. Mwishowe Piastri alishinda, na Verstappen akawa wa pili kwa pengo lisilofika sekunde 3. Watu wa Verstappen waliona wameonewa, kwa hoja kwamba bila adhabu wangeshinda. Watu wa Piastri waliona haki imepatikana kwa jasho la dereva wao tu. Hukumu isiyomridhisha mshtaki wala mshtakiwa si lazima iwe mbaya, lakini hukumu ambayo hakuna anayeweza kuieleza kwa nini ni 5 na si 7 wala 9 imekosa mguu wa kusimamia.

Suluhisho lilikuwa jepesi na lilikuwa pale pale: "Umechukua nafasi isiyo yako. Irudishe sasa."

Wapinzani wangu wasikilizwe

Mwanafunzi mwema wa uraia huwasikiliza wapinzani kabla ya kuwajibu. Nitazichukua hoja zao zilizo nzito.

Hoja ya kwanza ni Spa. Tarehe 7 Septemba 2008, kule Ubelgiji, Hamilton alikata kona akamtangulia Räikkönen. Akairudisha nafasi mara moja, kisha akampita tena katika kona iliyofuata. Wasimamizi waliona kwamba urejeshaji ule haukuwa kamili, kwani alibaki karibu kuliko ambavyo angekuwa. Baada ya mbio wakamwongezea sekunde 25. Alikuwa amemaliza mbele ya Felipe Massa kwa sekunde 14 hivi, hivyo akashushwa kutoka wa kwanza hadi wa tatu, na Massa akapewa ushindi. Timu yake, McLaren, ilikata rufaa, na rufaa ikakataliwa kusikilizwa kwa sababu adhabu ya aina ile hairuhusiwi rufaa. Msimu uleule ubingwa uliamuliwa kwa pointi moja tu kati ya watu hao wawili. "Unaona?" wataniambia. "Hata kurudisha nafasi kuna utata."

Naona, na nakubali. Lakini angalia utata ule ulitoka wapi. Ulitoka katika kukosekana kwa kipimo kilichokubaliwa mapema cha urejeshaji kamili. Dawa yake ni sentensi moja katika kitabu cha kanuni: aliyerudisha nafasi asimshambulie mwenzake mpaka kona inayofuata ipitwe. Na angalia pia ukubwa wa dawa waliyoichagua wao: mtu aliyerudisha mbuzi akiwa amekwisha kumkamua kikombe kimoja alitozwa zizi zima.

Hoja ya pili ni Jeddah ile ya 2021. Verstappen alipoambiwa airudishe nafasi, alipunguza mwendo, na Hamilton, ambaye alisema hakuwa amearifiwa, akamgonga kwa nyuma. Je, urejeshaji hauzai ajali? Huzaa, kama amri itanong'onezwa kwa mtu mmoja. Amri ya mahakama husomwa mbele ya pande zote mbili. Wasimamizi wawaarifu madereva wote wawili kwa wakati mmoja na wataje sehemu ya kubadilishana nafasi, tena sehemu iliyonyooka. Magari yanayokaribia kuzungukwa huonyeshwa bendera ya buluu na hupisha kila wiki bila watu kugongana.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: vipi kama kitu hakirudishiki? Aliyepitwa ameharibikiwa na gari, au ameshuka nafasi kumi, au bendera ya mwisho imekwisha kupepea. Hapo nakiri kwamba urejeshaji wa moja kwa moja hauwezekani, na lazima patafutwe kitu badala yake. Lakini kibadala kipimwe kwa kilichochukuliwa. Dereva aliyeiba nafasi apoteze nafasi, ile aliyoiba na moja juu yake. Adhabu ya nafasi haitegemei nani yuko mbali nyuma. Itamgusa aliye peke yake sawasawa na aliyezongwa. Tena itamuuma zaidi aliyeiba kikubwa: kutoka wa kwanza kwenda wa pili ni kushuka kutoka pointi 25 hadi 18, na kutoka wa tisa kwenda wa kumi ni kushuka kutoka pointi 2 hadi 1. Kila mmoja ataulipia ukubwa wa mzigo alioubeba mgongoni.

Hoja ya nne ni ya mashabiki: waacheni wakimbie, watu wamelipa kiingilio waone ujasiri. Hii nitaijibu kwa ufupi. Nje ya mstari hakuna ujasiri. Ujasiri ni kupita mahali ambapo kuna nafasi ya gari moja na nusu, ukajua kwamba ukikosea utalipa. Anayepita penye uwanja mpana wa lami ambako hakuna mwingine anayeruhusiwa kwenda amekwepa shindano.

Jambo la Kigali

Kuna kisa kimoja kinachonifanya nisikate tamaa, na kinatuhusu sisi wa huku. Mwezi Septemba 2024, katika mkutano na waandishi wa habari kule Singapore, Verstappen alitumia neno la matusi alipokuwa akilizungumzia gari lake. Wasimamizi hawakumpa sekunde wala hawakumtoza fedha. Walimwamuru afanye kazi yenye manufaa kwa umma. Desemba mwaka ule ule aliitumikia hapa Kigali, pamoja na chama cha magari cha Rwanda na vijana wanaojifunza mchezo huu.

Unaweza kubishana kama neno lile lilistahili adhabu yoyote. Mimi nataka uone kitu kingine: wakubwa hao wanajua, wakitaka, kubuni adhabu isiyonunulika. Wanajua kumwambia mkosaji, "Rudisha kitu kwa jamii." Wamefanya hivyo kwa neno lililomponyoka mtu. Hawafanyi hivyo kwa nafasi iliyoporwa mbele ya macho ya mamilioni. Matusi yamepewa hekima, na uporaji umepewa orodha ya bei.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne, na nayaweka kwa ufupi ili uweze kuyashambulia ukipenda. Kwanza, kurudisha nafasi kuwe wajibu na kusiwe hiari ya mkurugenzi: ndani ya mizunguko miwili mkosaji arudishe, na akikataa apite njia ya vituo. Pili, pale isiporudishika, adhabu iwe ya nafasi na si ya sekunde. Tatu, timu isiruhusiwe kula tunda la kosa la dereva wake mmoja kupitia mgongo wa mwingine. Pointi iliyopatikana kwa njia hiyo ifutwe. Nne, hukumu inayobadilisha matokeo baada ya bendera ya mwisho ipewe mlango wa rufaa, kwani wakati huo hakuna tena haraka ya mbio inayoweza kuwa kisingizio.

Kwa nini nimekuchosha na magari?

Kwa sababu, ndugu mwanafunzi, unaishi katika nchi yenye barabara, mito na ofisi. Umemwona mwenye gari kubwa anayepita kwa pembeni ya barabara huku wengine wote wakingoja foleni, na akikamatwa hulipa faini kama anavyolipa maegesho, bila hata kuzima redio. Umesikia habari za kiwanda kinachomwaga taka mtoni kwa sababu faini ya mwaka mzima ni ndogo kuliko gharama ya kuzisafisha kwa mwezi mmoja. Hao nao wamepiga hesabu kama ile ya timu ya mbio. Na wanaokunywa maji ya mto ule ni akina Tsunoda wa kwetu: hakuna aliyewarudishia chochote, na wanaambiwa sheria imefuata mkondo wake.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Neno faini tumelipokea kutoka Kiingereza. Neno bei limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuuza. Neno fidia nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kukomboa. Na neno haki, tulilolipokea kutoka huko huko, linabeba mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenganisha: kile ambacho mtu anastahili, na uadilifu wa kukitoa. Mswahili anaposema "nipe haki yangu" anaomba vyote viwili kwa pumzi moja. Anataka mkosaji aonywe, na anataka mbuzi wake arudi zizini.

Basi kila utakaposikia kwamba mtu fulani ameadhibiwa, uwanjani au mahakamani, uliza maswali matatu. Je, aliyekosewa amerudishiwa? Je, mkosaji amebaki na alichokichukua? Je, adhabu hii ingemuuma mwingine kama ilivyomuuma huyu? Jibu la swali moja tu likiwa baya, usikubali kuambiwa kwamba haki imetendeka. Sema kwa Kiswahili fasaha, bila matusi na bila woga, kwamba umeona biashara.

Kazi ya wiki hii: chagua adhabu moja inayotolewa shuleni kwako au mtaani kwako. Andika aya mbili. Katika ya kwanza, tumia maneno adhabu, fidia na bei, na uonyeshe ni lipi kati ya hayo matatu linaistahili kweli. Katika ya pili, nipinge mimi. Nitafurahi zaidi kuisoma ya pili.

Mwalimu wako.